Ua Lisilo na Jina katika Bonde la Ghala

Nyie wanangu mnaotoka na magari yenu kila mvua ikinyesha, mkalielekezea ua simu, na simu ikakwambieni jina kabla hamjainama, mie sikulaumuni. Kila zama na kitabu chake. Lakini juzi mjukuu wangu kanionyesha picha ya ua la manjano alilolikuta hapa Maskati, nyuma ya Mawaleh. Simu imeshampa jina, naye kafurahi utadhani kalizaa yeye. Nikamuuliza kama ganda lake kaliona. Akanambia ganda la nini bibi, na jina si hili hapa. Nikamrudishia simu yake. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na mie sipendi kulia mbele ya mtu aliyeshika simu, hujui anapiga picha au hapigi. Ndiyo nimekaa leo niseme taratibu. Mnistahamilie, maana mambo yangu hayaji kwa mpangilio, yanakuja yanavyotaka yenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kushona majani. Ndiyo, majani, kwa sindano na uzi. Wakati huo mmea ukishakauka ukawa bapa, ulilazwa juu ya karatasi nene nyeupe ukashonewa hapo, ili miaka mia baadaye mtu aje auone ulivyo. Unashona kwenye kikonyo, fundo unalificha nyuma ya karatasi, na sindano haipiti katika jani hata siku moja. Chini unaandika umechumwa wapi, lini, na nani, na rangi ya ua. Rangi ndiyo ya kwanza kuandikwa, kwa sababu ndiyo ya kwanza kukimbia. Ua la zambarau linaingia kati ya magazeti, kwenye mbao za kukandamizia, Jumamosi, Jumatano unalikuta limekuwa la kahawia, na wewe umesimama unajiuliza ulikuwa unaota au vipi.

Aliyenitia katika kazi hii ni Ami Khalfan, ndugu yake baba. Baba alikufa mie mdogo, na Ami akanilea pamoja na bintiye, Zuweina. Huko Unguja alikuwa msimamizi wa chumba cha mimea mikavu katika shamba la majaribio la serikali. Watu wakimwita Maalim, ingawa hakusomesha skuli yoyote. Makarani aliopewa wote walikuwa na vidole vya kuvunja vikonyo. Siku moja akanikuta nashona kofia, akasimama akanitazama muda mrefu, kisha akasema anayeweza kuyatoboa matundu ya kofia bila ya kulaani anaweza kazi yake. Nikaanza wiki ile ile, na mama akasema nimepata wazimu wa ukoo.

Sasa nikusomesheni kidogo, msione nimekuja kulia tu. Jamii ya mikunde ni kubwa, na ndani yake mna choroko na mbaazi za nazi mnazozila, na mna sumu. Ua la mimea mingi humo lina vipande vitano. Kimoja kimesimama juu, hicho tulikiita bendera. Viwili viko ubavuni, hayo mabawa. Viwili vya chini vimeshikana kama viganja vya mtu anayeomba dua, lakini vimefunga. Ukivifunua hivyo viganja taratibu kwa ncha ya sindano, ndani unakuta nyuzi kumi. Hapo ndipo pa kutazama. Kuna mikunde ambayo nyuzi zote kumi zimegandana pamoja, na marejea, ule wa kurutubishia shamba, ni mmojawapo. Kuna mingine ambayo tisa zimegandana na moja imekaa mbali peke yake, kama jamaa aliyegombana na ndugu zake. Ukishaona hilo, bado usiseme kitu. Ngoja ganda. Ami alikuwa akisema ua linapambwa kwa ajili ya wageni, ganda ndilo mwenye nyumba. Asiyeliona ganda hana ruhusa ya kutaja jina. Hiyo ilikuwa sheria yake, na nimemuona akimrudisha mtu mzima na cheo chake, mkononi ana ua zuri kabisa, akamwambia nenda kangoje.

Tulipoondoka Unguja mwaka wa sitini na nne, hatukuchukua kitu cha maana. Nguo, Msahafu, kioo cha kukuzia cha Ami, na kijaluba changu cha sindano. Makabati ya mimea yalibaki. Watu wengine wakililia nyumba na mashamba, na Mungu anajua walikuwa na haki. Ami alililia makabati. Nyumba, akisema, atakaa mtu mwingine, hata akiwa aliyetufukuza. Makaratasi yale nani atayabadilishia magazeti, nani atayapuliza vumbi?

Tukafikia Matrah, huku Oman, kwa jamaa, katika nyumba ya barasti, yaani ya makuti ya mtende, Ami, Zuweina na mie chumba kimoja, maana mama alikuwa keshafariki Unguja. Nyie mnaiona Maskati ya leo mnadhani ilikuwa hivi tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Barabara ya maana hakuna, maji yanakuja juu ya punda, na mlango wa mji ukifungwa jioni umefungwa. Kiarabu chetu kilikuwa cha Msahafu na cha jikoni. Niliomba chumvi dukani, watu wakacheka mpaka nikarudi bila ya chumvi. Tulikuwa Waarabu Unguja, tulipofika Uarabuni tukawa Wazinjibari. Nilicheka na mie siku ile, lakini nilipofika nyumbani nililia sana.

Kazi ilitujia kwa bahati. Alikuwako mzungu mmoja aliyekuwa akipima mabonde kutafuta maji, na sie tukimwita Mhandisi. Alitaka kujua mvua ikinyesha pale panaota nini, na mbuzi na ngamia wanakula nini. Akasikia kuna Mzinjibari anayejua majani, akaja mwenyewe mpaka mlangoni, akainama kuingia. Ami alivaa kanzu ya Idi kwa ajili ya mazungumzo yale. Tangu siku hiyo tukapata gari la Mhandisi kila alipokuwa akenda upande wetu, na lisipokuwepo, punda.

Kosa letu la mwanzo lilikuwa la Unguja tupu. Kwetu adui wa mmea mkavu ni ukungu. Unyevunyevu ule unaozesha hata viatu, basi sie tulizoea kuziweka mbao juani, juu ya bati, na kubadilisha magazeti kila siku. Matrah Ami akafanya hivyo hivyo, akazipandisha mbao kwenye dari ya jirani. Tulipozifungua, majani yalivunjika tukabaki na unga kama wa bizari. Ami akautazama, akanusa, akasema angalau tumepata viungo. Baada ya hapo tukajifunza kuzikausha kivulini, na chini yake kitambaa kibichi kidogo. Kila nchi na adui yake, na mtu akihama inambidi ajifunze adui mpya.

Siku nyingine tulirudi tumechelewa, mlango bado kidogo ufungwe, na askari akatuambia tufungue mzigo. Akakuta karatasi na majani yameshonewa juu yake, na maandishi chini. Akarudi nyuma hatua nzima. Wazinjibari, kule walikuwa wakisema, wana uchawi wao, basi kwake ushahidi ulikuwa umekamilika. Ami akaanza kumuelezea jamii za mimea kwa Kiarabu kile chetu, na kila neno likizidi kututia hatiani. Mwishowe nikamwonyesha askari kofia niliyokuwa naishona njiani, nikamwambia huyu mzee kichwa chake kimepata joto, mie namshughulisha. Akatuonea huruma tukapita. Ami hakusema na mie mpaka asubuhi.

Haya yote nakwambieni mcheke kwanza, kwa sababu linalokuja halichekeshi.

Ami, tangu tufike, alikuwa akiitafuta Unguja katika kila jani. Akikuta mtambaa wa mtoni atasema huu si kama ule wa kwetu Donge? Akikuta majani matatu juu ya kikonyo kimoja, uso unamfunguka. Mara nyingi alikuwa anajikosoa mwenyewe, anacheka, anasema hapana Asya, nimeona ninachokitaka. Mie nikimwachia. Mtu aliyepoteza kitu anakiona kila pembe, na hilo si dhambi.

Mwaka wa pili au wa tatu, baada ya mvua njema, tulikwenda bonde la Ghala. Sasa ni gereji na maghala ya vipuri, mnapeleka magari yenu kunyooshwa bodi. Wakati huo lilikuwa bonde la kokoto, na migunga, na kijiji kidogo pembeni. Kwenye kokoto zile tukaona ua la manjano lenye mishipa myekundu, mmea mfupi wa kufika kifundo cha mguu, majani matatumatatu yenye manyoya meupe. Hatukuwahi kuliona popote. Lilikuwa limefunika kipande kizima cha bonde, na ganda hata moja halijatoka. Nikachuma tawi, nikalitia kwenye mbao.

Tukiwa pale pale akatujia mwanamke wa mbuzi, Umm Hamed, mjane, amevaa barakoa yake, ile ya wanawake wa kule ya kufunika uso. Aliposikia kuna Maalim wa majani alikuwa anatutafuta mwenyewe. Mbuzi wake walikuwa wanakufa. Wanaacha kula, wanahema, kesho wamelala. Mbuzi wale ndio waliokuwa kila kitu chake na watoto wake. Alisema na mie, kwa kuwa kusema na Ami moja kwa moja aliona haya, lakini macho yalikuwa kwa Ami. Alitaka kujua ni jani gani. Mvua imekuja, ua hili limekuja, mbuzi wakaanza kufa, si ndiyo?

Nilimuona Ami anatazama lile ua mkononi mwake. Kule shamba la majaribio kulikuwa na safu ya marejea, ua la manjano lenye mishipa myekundu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeipanda. Kuna marejea yanayoua mnyama, hilo ni kweli. Akalifunua ua kwa kucha. Hakutoa kioo. Hakusema ngoja ganda. Mwanamke alikuwa amesimama pale na mbuzi wake watakufa kesho, na ganda lingetoka baada ya wiki kadhaa.

"Mwambie ni marejea," akanambia. "Mwambie ni sumu, wasiwaache mbuzi wayale."

Nikamwambia. Umm Hamed akambusu Ami kichwani juu ya kilemba, haya zote zimemwisha.

Tuliporudi safari ya pili, bonde lilikuwa tupu. Umm Hamed na jamaa zake, wake kwa waume, wameling'oa ua lile lote, mpaka mizizi, wakalichoma. Alitupeleka akatuonyesha majivu kwa fahari, akatukirimu kahawa na tende zake za mwisho mwisho. Mbuzi bado walikuwa wanakufa. Alisema labda wana sumu ya zamani tumboni. Baadaye akapita mtu anayejua mifugo akasema ni maradhi ya mapafu, kayaleta beberu aliyenunuliwa mbali. Umm Hamed alibakiwa na majike wawili.

Hapo Ami akaanza kuwa na wasiwasi, lakini alikuwa bado anajifariji kuwa marejea ni marejea, yakiondoka si khasara. Mhandisi alikuwa ameshapeleka karatasi yetu ya ua lile kwa wataalamu huko kwao. Siku aliyorudi na jawabu alikaa kwenye mkeka wetu, akazungukazunguka, akasema wale wataalamu wanamsalimu sana Maalim. Wanasema si marejea. Wanayo karatasi moja tu ya ua hili, aliyoichuma msafiri zamani mno, haina ganda, na tangu hapo hakuna aliyeliona. Huenda likawa la peke yake duniani. Wanaomba sana, walete ganda na mbegu, bila ya hivyo hawawezi kulipa jina.

Ami alimshukuru, akamsindikiza mpaka nje. Aliporudi akanitaka nichemshe maji. Nilidhani anataka chai. Alichotaka ni tawi dogo tulilojibakishia sie wenyewe. Hii nayo ijueni: ua kavu ukilichemsha kidogo linalainika, linafunguka kama bichi. Nikalichemsha, nikalilaza kwenye kisahani, nikavifunua viganja kwa sindano, Ami akanipa kioo. Yeye hakushika. Ndipo nilipofahamu kwamba macho yake yameanza kwenda na alikuwa akituficha.

Akaniuliza naona nini. Nilitamani niwe kipofu mie. Nikamwambia tisa ziko pamoja, Ami, na moja iko peke yake.

"Basi sikutazama," akasema. "Lilikuwa humo siku zote, mie sikutazama."

Hakula siku ile wala ya pili. Zuweina alikuwa haelewi, anasema baba yote haya kwa ajili ya jani? Zuweina mimea hakuijali hata kidogo. Alikuwa anampenda babake, basi, na lolote lililomuumiza babake alilichukia. Mie nilielewa. Mtu yule alikuwa na kitu kimoja tu walichoshindwa kumnyang'anya, nacho ni ile sheria yake ya kutotaja asilolijua. Ameivunja mara moja, kwa huruma na kwa kuikumbuka nchi yake, na kwa mara moja ile ua likang'olewa duniani.

Alikwenda kumwambia Umm Hamed mwenyewe. Nilimsihi asiende, mama wa watu keshapoteza mbuzi, ya nini kumtia jengine moyoni. Alisema amempa neno la uongo, lazima alirudishe kwa mdomo ule ule. Basi tukenda. Ami akasema kwa Kiarabu chake, mie nikiziba mapengo. Umm Hamed alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema naye moja kwa moja, mara ya kwanza.

"Maalim, ulikuja na elimu na mie nilikuwa na mbuzi wanaokufa. Ungeniambia niung'oe mlima ningeung'oa."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ingekuwa nafuu. Kisha akasema mvua ijayo atatafuta na yeye.

Na kweli. Kila mvua iliponyesha, miaka ile yote mpaka sabini, tulitafuta. Ghala kwanza, kokoto baada ya kokoto. Kisha mabonde ya nyuma ya Ruwi, wakati ule ni mitende na ngome na uwanja wa ndege. Kisha uwanda wa Mawaleh mpaka karibu na Sib. Ami alitaka mmea mmoja tu ulio hai, ua na ganda, auone umeshonwa kabla hajafa. Hakuwa akidai samahani kwa mtu. Alitaka tu isiwe yeye ndiye aliyelimaliza. Umm Hamed alikuwa anatujia na kila lenye rangi ya manjano, na majani mengine yana chawa wa mbuzi, na Ami anayapokea yote kwa adabu. Alimfundisha viganja na nyuzi, yule mama asiyejua kusoma, na akawa mwanafunzi mzuri kuliko makarani wa Unguja. Majani ya kule hakuhitaji kufundishwa, kayajua tangu kuzaliwa. Alichojifunza ni kulifungua ua. Tulicheka pia siku hizo, msidhani hatukucheka. Lakini kila jioni mbao zilirudi bila ya ua lile.

Macho yakamwisha kabisa. Mtoto wa jicho, yote mawili. Leo mngempeleka asubuhi akarudi jioni anasoma gazeti. Wakati ule kulikuwa na foleni, na yeye akisema watu wenye kazi watangulie. Akawa anakwenda mabondeni juu ya punda, mie nashika kamba, anainama anapapasa kokoto kwa vidole. Watu wakipita wanadhani mzee kaangusha pete.

Mwaka wa sabini akaja sultani mpya, nchi ikafunguka. Mnayajua hayo, kila mwaka mnapepea bendera. Watu walipiga ngoma, miwani na redio zilizokuwa zimekatazwa zikatoka hadharani, na jamaa zetu wakaanza kuja kutoka kila walikotawanyika. Na matingatinga nayo yakaja. Nilifurahi kama wote, Wallahi nilifurahi. Ila Ami alilala wiki zile, homa haimwachi, na mie kila nikisikia mngurumo upande wa Ruwi nilijua wanakwangua wapi.

Siku tatu nne kabla hajafariki, nilikuwa nimekaa kwake namkanda miguu, Zuweina akaingia anahema, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa katoka peke yake, kapanda gari la watu mpaka nyuma ya Ruwi, yeye asiyekwenda hata sokoni bila ya mtu. Mkononi ana tawi lenye maua ya manjano na maganda. Uso wake sijauona tena ulivyokuwa siku ile.

"Baba, nimelipata. Lina na ganda lake."

Akamtilia mkononi. Mie niliona papo hapo. Lilikuwa sanamaki, hiyo hiyo mnayoinunua dukani ya kusafishia tumbo, ila mbichi, na maua yake. Mtu wa mjini huijua ikiwa majani makavu ndani ya karatasi. Ikisimama bondeni haitambui. Nikaendelea kumkanda Ami miguu.

Ami akaanza. Alipapasa jani, akahesabu vijani kwa kidole gumba. Akalishika ua, akalizungusha. Halina bendera, halina viganja, vipande vitano vimekaa wazi tu. Akalishika ganda, bapa, limepinda. Akalinusa. Mie nilikuwa naogopa, kwa sababu namjua. Mtu huyu aliwarudisha wakubwa na maua yao.

Akamvuta Zuweina kichwa akambusu. "Ahsante, mama," akasema. "Umenifurahisha. Sasa nitalala."

Zuweina akalia, akatoka kwenda kumpikia uji. Ami akangoja mpaka kasikia nyayo zake ziko jikoni.

"Asya. Ni sanamaki."

"Nimeona, Ami."

"Usimwambie. Lakini usilishone."

Alikufa Ijumaa. Tukamzika, na wanawake wakaja kukaa matanga. Barasti ilijaa mpaka nje, maana Maalim alikuwa na watu kuliko tulivyofikiri. Zuweina amekaa katikati, na tawi lake kalitia ndani ya gazeti, kila anayekuja anamwambia babangu hakufa na kinyongo, alilipata ua lake, mie ndiye niliyemletea. Wanawake wanasema mashaallah. Mie nazunguka na kahawa. Zuweina naye keshatangulia, Mungu amrehemu, ndiyo maana nasema leo. Wakati ule nilikuwa tayari kuimeza ile kahawa ya moto birika zima kuliko kufungua mdomo.

Siku ya mwisho ya matanga akaja Umm Hamed. Katoka Ghala kwa miguu na punda, vumbi mpaka kwenye barakoa. Zuweina alipomuona alisimama, akamfungulia gazeti mbele ya watu wote, maana huyu ndiye aliyeling'oa kwa mikono yake, hapana shahidi mwingine wa kumzidi. Akamuuliza kwa Kiarabu chake kibovu, "Ndilo hili, mama? Ndilo lile la bonde lenu?"

Umm Hamed akalichukua. Hakuna mtoto wa kule asiyeijua sanamaki. Wanachemshiwa tangu wananyonya. Akaligeuza, akalitazama ganda, kisha akaniinulia mie macho juu ya vichwa vya watu. Sijui aliona nini usoni mwangu.

"Ndilo," akamwambia Zuweina. "Alhamdulillahi, Maalim kalipata."

Kisha akakaa chini kwenye mkeka akalia, peke yake, na barakoa ikarowa. Wale wanawake wengine walidhani anamlilia Ami tu. Nikenda nikamtilia kahawa, nikakaa ubavuni pake.